Ng'ombe Waliofika Rongo Wakiwa Wanyama Tu

Kabla sijaondoka mliniomba niwaandikie namna mfumo wa mifugo unavyofanya kazi. Niliandika, nikaacha kwenye droo ya katikati, ile isiyofunga. Sasa nasikia mnalalamika kwamba maandishi yale hayasomeki, kwamba yanaanza na mistari ya programu na kuishia na mistari ya programu, na katikati hamna binadamu. Ni kweli. Basi haya ni ya binadamu, na ng'ombe wamo. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyangu vilikuwa vidogo, na vyenu mnavijua wenyewe.

Niliingia ofisi ya mifugo pale Homa Bay nikiwa kijana mwembamba mwenye cheti cha kompyuta na viatu vya kuazima. Kompyuta ilikuwa moja, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama vile vinavyowekwa juu ya makochi wageni wakitarajiwa. Mwenye mamlaka ya kukifunua alikuwa Madam Salome, mkuu wangu, mama wa Kendu Bay aliyekuwa amechanja ng'ombe wa eneo lote lile kabla mimi sijazaliwa. Nilidhani siku ya kwanza atanionyesha kompyuta. Alinipa buti za mpira, akanipeleka mnadani, akaniambia nishike kichwa cha ng'ombe wakati yeye anamtoboa sikio kumtia hereni ya namba. Nilishika. Ng'ombe akanikanyaga.

"Sasa unajua ng'ombe ni nini," Madam Salome akaniambia. "Rudi ofisini ukaandike."

Programu yangu ya kwanza ilimwandika kila mnyama kwa mtindo mmoja: rangi, umri, mwenyewe, maziwa kwa siku, mayai kwa wiki, chanjo, ndama. Kila mnyama alijaziwa panapomhusu, na pasipomhusu tukaweka sufuri. Nilijiona fundi. Mwisho wa mwaka ripoti ikapelekwa juu, na huko juu akatokea mtu akaisoma, jambo ambalo hatukulitarajia. Alituandikia akiuliza kwa nini punda wa Rongo hawajataga hata yai moja mwaka mzima, ilhali kuku wa eneo hilohilo wanafanya vizuri.

Tulidhani ni mzaha. Ikaja barua ya pili, ya kuunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikazuru Rongo, ikawatazama punda, na punda wakaitazama kamati. Ilipendekeza wafugaji wa punda wapewe mafunzo. Mafunzo yakafanyika kweli, kwenye ukumbi wa kukodi. Nilihudhuria kwa ajili ya chakula, na niseme haki, kuna mfugaji aliyeuliza maswali mazuri sana kuhusu lishe.

Baada ya hapo Madam Salome aliniamuru niwatenganishe hawa viumbe kabla hatujaitwa bungeni. Ndipo nikajifunza urithi. Kwa wale wapya miongoni mwenu: niliandika klasi ya mzazi, yaani kiolezo cha wote, nikaiita Mnyama. Mnyama ana namba ya hereni, rangi, umri na jina la mwenyewe. Chini yake nikaweka watoto, yaani Ng'ombe, Mbuzi, Punda na Kuku. Mtoto anarithi yote ya mzazi, kisha anaongeza yake. Ng'ombe akapata maziwa na chanjo zake, kuku akabaki na mayai, punda akapumzika. Chini ya Ng'ombe nikaongeza mjukuu, Fahali, kwa kuwa fahali ni ng'ombe asiyehusika na maziwa ila ana shughuli zake nyingine.

Mpango huo ulikaa miaka mingi bila kunisumbua. Madam Salome alistaafu akarudi kwao kufuga, na kila tulipokutana kanisani alikuwa akiniuliza hali ya punda.

Kisha ukaja mradi. Mnajua mradi ukija: kwanza zinakuja fulana, halafu kofia, halafu ndio kazi. Huu ulitaka vibali vya kusafirisha mifugo viachane na karatasi, viwe vinaruka hewani kutoka ofisini hadi kwenye tableti ya afisa wa kizuizi cha barabarani. Ili ng'ombe aruke, lazima kwanza ageuzwe. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta yeye ni kitu kizima chenye klasi yake na mambo yake, lakini kwenye waya hapiti hivyo. Anageuzwa kuwa maandishi ya mabano na nukta mbili yanayoitwa JSON, anasafiri kama maandishi, na huko anakofika anajengwa tena kuwa ng'ombe.

Vijana wa mradi walileta kifaa chao cha kufungasha, yaani programu ya kumgeuza mnyama kuwa maandishi hayo. Wakakijaribu kwa ng'ombe mmoja, akafika salama na chanjo zake zote. Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakakimbilia ndege Kisumu. Hawakujaribu kundi.

Sikilizeni hapa, maana ndipo penye mwiba. Kundi kwenye programu lilitangazwa kuwa ni orodha ya Mnyama, kwa sababu ndani yake yeyote anaweza kuwemo. Kifaa kile kilikuwa kinatazama tangazo, hakitazami kilichomo, kama mtu anayesoma maandishi ya juu ya gunia na kukataa kulifungua. Kilipoona Mnyama, kilifungasha mambo ya Mnyama: hereni, rangi, umri, mwenyewe. Maziwa, chanjo, na hata ile habari kwamba huyu ni ng'ombe, vyote vikabaki Homa Bay. Wala hakikulalamika. Kiliandika kwamba kazi imekamilika.

Kundi la kwanza kusafiri kwa utaratibu huo mpya lilikuwa langu.

Hapa sina budi kuingia nyumbani kidogo. Mwanangu Okoth nilimkuta. Nilipomwoa Peres alikuwa na mtoto anayetambaa, na aliyemzaa alikuwa ameshakwenda zake bila hata kubisha hodi kwa kina Peres. Nilimlea Okoth. Nilimfundisha kuendesha baiskeli, nilikesha naye akiwa na malaria, nilimchapa alipouza redio yangu, nikamsindikiza chuoni. Sasa, kwetu Wajaluo, anayemtolea kijana ng'ombe wa mahari ndiye baba yake mbele za watu, na mjadala wote unaishia zizini. Okoth aliponiambia amepata mchumba, Boke, binti wa Mzee Marwa wa Kehancha, nilianza kuwatenga ng'ombe kabla hajamaliza kueleza.

Kumbe na wengine walisikia. Ndugu za yule aliyemzaa, watu ambao hawakuwahi kumletea hata kalamu ya risasi, walituma ujumbe Kehancha kwamba damu ni damu, na wao ndio watakaomtolea mtoto wao ng'ombe. Mzee Marwa ni Mkuria mpole na ni mzee wa kanisa la Sabato kama mimi. Hakutaka ugomvi wa Wajaluo uani kwake. Alisema atapokea Ijumaa, kabla ya jua kuzama, kwa kuwa Sabato ikishaingia yeye hapokei mali. Kundi la kwanza kuingia zizini mwake siku hiyo, wenyewe ndio atakaowaita wakwe, na hataki kusikia neno tena.

Kwa hiyo mnaona lililokuwa mbele yangu. Ng'ombe wangu wakichelewa, kijana niliyemlea atakuwa wa watu wengine mbele ya wakwe zake, na mimi nitabaki kuwa mume wa mama yake.

Okoth alitangulia Kehancha na shangazi zake. Mimi nilifuata lori kwa gari la kukodi pamoja na jagam wetu, Jaduong' (yaani Mzee) Ogweno. Jagam ndiye msemaji wa mahari. Tangu ng'ombe watoke zizini kwako hadi waingie kwa wakwe, baba wa kijana hafungui kinywa juu yao. Anasemewa. Ogweno tulimchagua kwa sababu ni mtu anayeweza kubishana na redio, na redio ikanyamaza.

Pale kizuizini Rongo tulimkuta afisa kijana, Nyamohanga, nguo zimenyooshwa kwa pasi, tableti mpya mkononi. Aliitazama tableti, akalitazama lori, akairudia tableti.

"Wazee, hapa naona tu mnyama, mnyama, mnyama," alisema. "Sasa hii mnyama ni gani?"

Ogweno akamjibu kwamba hata mtoto anayenyonya anajua ni wanyama gani hao. Ng'ombe mmoja akalia, nadhani kwa kusaidia.

"Mimi naona ni ng'ombe," Nyamohanga akasema. "Lakini tableti haioni. Na chanjo hakuna hapa. Hii wiki kama haina chanjo haiwezi pita."

Alisema bila ubaya wowote, na nitamtetea mpaka leo. Kulikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo upande wa mpakani, na kazi yake ilikuwa kuuzuia. Alibonyeza kitufe kilichoandikwa Aina Haijulikani, nacho kikamwelekeza ampigie simu mtaalamu wa mfumo. Akapiga. Simu ikaita mfukoni mwangu.

Tulikuwa tumesimama karibu kiasi cha kupeana mikono. Nilimwambia mtaalamu ndiye mimi, aniulize tu. Alinionyesha kwenye tableti kwamba tatizo haliwezi kuandikwa mpaka simu ipokelewe. Nikapokea. Akajitambulisha jina na kituo, akauliza anaongea na nani. Nikamjibu. Akanieleza, akinitazama usoni, kwamba ana lori la wanyama wasiojulikana. Maagizo ya mradi, ambayo niliyaandika mwenyewe, yanataka mtaalamu aombe maelezo ya mnyama, nami nikayaomba. Alisema wana pembe.

Ogweno aliposikia mtaalamu amepatikana, aliomba simu. Akanipa mgongo, akanisema vibaya sana. Alisema kuna watu wanakaa Homa Bay kwenye viti vya kuzunguka wakiharibu maisha ya wenzao, na kwamba yeye yuko hapa na mzee wa heshima ambaye jina lake linaoza juani. Nilimwomba radhi. Alisema radhi haijazi zizi, akamrudishia afisa simu.

Nikamuuliza Nyamohanga kama mwenye ng'ombe anaweza kutoa ushahidi kwamba ni ng'ombe na wamechanjwa.

"Mwenye mali hawezi jithibitishia mali yake," akasema kwenye simu. Akafikiri. "Na wewe kama ni mtaalamu, huyo mwenye mali leo usimjue."

Ikabidi Ogweno aniombe mimi, kwa niaba yangu, nifanye haraka.

Tukiwa katika hali hiyo likaja lori lingine kutoka nyuma yetu. Juu yake walikaa ndugu za yule aliyemzaa Okoth, wamevaa suti, na ng'ombe wao nyuma. Walikuwa na kibali cha karatasi, cha zamani, kimeandikwa kwa mkono wa daktari: ng'ombe, wamechanjwa, sahihi, muhuri. Nyamohanga akasoma, akahesabu vichwa, akainua chuma cha kizuizi. Nilipomtazama alinieleza kwa upole kwamba karatasi bado zinaruhusiwa mpaka mwisho wa mwezi, ili wananchi wapate muda wa kuuzoea mfumo. Mmoja wao alinipungia mkono wakipita.

Niliogopa. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeona seva ikiungua na nimeona popo wakihamia chumba cha seva, na sikuwahi kuogopa vile.

Nilikaa juu ya jiwe kwenye kivuli cha lori, laptopu magotini, mtandao nikiuvuta kwenye simu ya Ogweno, aliyenipa kwa sharti kwamba nisifungue picha. Dawa yenyewe si kubwa, na ninaiandika hapa ili msije mkaitafuta juu ya jiwe. Kwa mzazi, Mnyama, niliongeza sehemu inayoitwa aina. Nikaamuru kila mtoto asafiri na jina la klasi yake limeandikwa hapo. Nikawaorodhesha watoto kwa majina, ili upande wa pili ukisoma aina ujue ni nani wa kujengwa upya, na ukifungasha ufungashe yote aliyo nayo, siyo yale ya mzazi peke yake. Nikatuma kwenye seva. Nikamwomba Nyamohanga afungue kibali upya.

"Ng'ombe," akasoma. "Ng'ombe. Ng'ombe. Ng'ombe." Alisoma kwa sauti ya mwalimu anayetangaza waliofaulu. Chanjo nazo zikaonekana, tarehe kwa tarehe. Dereva akawasha lori. Kisha Nyamohanga akakuna kidevu.

"Kuna mmoja hapa amekataa," akasema. "Huyu mkubwa."

Alikuwa fahali. Niliorodhesha watoto nikamwacha mjukuu, na kifaa kile hakibahatishi: usiyemtaja, hamjui. Hakijali kwamba baba yake ametajwa. Nyamohanga alinitazama kwa huruma ya kweli, akabonyeza Aina Haijulikani, na simu ikaita tena mfukoni mwangu. Akajitambulisha tena, jina na kituo. Akauliza anaongea na nani.

Ogweno alishauri fahali aachwe pale Rongo kama mgeni wa serikali, akachukuliwe Jumapili. Lakini fahali wa rangi ya rabuor, ile ya kahawia iliyokolea, ndiye aliyeahidiwa kwa jina mbele ya wazee wa Kehancha. Kufika bila yeye kungekuwa sawa na kutofika. Nikarudi jiweni. Mstari mmoja. Nikauandika vibaya, nikaufuta, nikauandika tena.

"Fahali," Nyamohanga akasoma hatimaye. Akainua chuma, akatupigia saluti, na sijui kama alimpigia mtaalamu au mwenye mali.

Kwenu ninyi vijana, kabla sijafika Kehancha: mkijaribu kitu, jaribuni kundi, si mmoja. Changanyeni aina. Tieni mjukuu. Na kifaa kikiwaambia kazi imekamilika, nendeni upande wa pili mkatazame kilichofika. Madam Salome alipopata habari hii kanisani alicheka mpaka akatoka nje, kisha akarudi kuniuliza kama nilikwenda kizuizini kushika sikio la ng'ombe hata mmoja kabla ya mradi kuondoka. Nilimwambia sikwenda. Hakucheka tena.

Kutoka Migori hadi Kehancha nililitazama jua tu. Mashamba ya tumbaku yalikuwa yamegeuka dhahabu kwa jua la jioni, na kila nilipoyaona yakipendeza nilizidi kukasirika. Ogweno alijaribu kunifariji kwamba njia ya huko ni mbaya, na huenda wenzetu wamepata pancha. Hawakupata. Tulipoingia kwa Mzee Marwa lori lao lilikuwa pale, limeegeshwa mbele ya zizi. Jua lilikuwa limeshagusa kilima.

Lakini ng'ombe wao walikuwa bado juu ya lori. Wenye suti walikuwa wamesimama kando, tai wamezilegeza. Wazee wa Kikuria walikaa kwenye viti vyao, wakitazama mlango wa zizi. Na juu ya miti iliyouziba mlango, akiwa na suti yake mpya na vumbi hadi magotini, alikaa Okoth.

Mzee Marwa akaja kumpokea Ogweno. Alisema hawa wengine walifika mapema, na kwamba yeye binafsi hana la kuwakosoa.

"Lakini huyu kijana amekalia mlango tangu wafike," akasema. "Tulimwambia, ng'ombe wamekuja, toka tufungue. Alikataa. Hawa wazee wakamuuliza, kwani hizi si ng'ombe? Akasema, ni ng'ombe, sikatai. Lakini baba yangu bado yuko njiani."

Okoth alikuwa ameliona lori letu. Aliteremka, akajipangusa vumbi, akaanza kuiondoa ile miti ya mlango, mmoja baada ya mwingine, jua likiwa bado lipo. Ogweno akaenda mbele kusema yanayosemwa. Mimi desturi ilinizuia nisifungue kinywa, na nashukuru, kwa maana nisingeweza.